Meza ya maswali: hesabu gani inamfaa mwanafunzi wa kompyuta?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Lubumbashi, na karibu zote zinagonga mlango mmoja: anayetaka kusoma informatiki, hesabu inamdai nini? Tumezifupisha, na majina tumeyaacha. Waliouliza bei za kompyuta za okazioni watuwie radhi, hiyo si meza yetu.

Math-physique au basi?

*Jambo sana wandugu. Kijana wangu anamaliza humanite, yaani sekondari, mwaka huu, seksio ya commerciale, ile ya biashara. Kwenye hesabu anazunguka kati ya 50 na 55 kwa 100. Anataka kuingia informatiki chuo kikuu. Mjomba wake anasema bila math-physique, ile seksio ya hesabu na fizikia, ni kumwaga pesa. Nimsikilize nani?*
Mama wa watoto wanne, Katuba

Mama, mjomba amesema nusu ya kweli. Mwanafunzi wa informatiki atakutana na aljebra, na mantiki, na takwimu, na algoridhimu, yaani hatua za kutatua tatizo, moja baada ya nyingine. Kwenye aljebra, mtoto wa math-physique anaingia akiwa amezoea milinganyo mirefu, na kijana wako atatoa jasho kumfikia. Ila kwenye algoridhimu hakuna anayeuliza nani anazidisha haraka. Wanauliza nani anaweza kutaja kanuni isiyo na tundu. Hapo wote wawili wanaanza karibu sawa.

Mpime hivi. Mpe kalamu na karatasi, simu ikae kwako, dakika 20. Mwambie: mwaka ni mrefu, wenye siku 366, kama unagawanyika kwa 4, lakini ile inayogawanyika kwa 100 inatolewa, isipokuwa ile inayogawanyika kwa 400, hiyo inarudishwa. Kwa hiyo 2024 ni mrefu, 1900 si mrefu, 2000 ni mrefu. Sasa aandike yote hayo kwa sentensi moja, akitumia "na", "au" na "si" tu. Jibu ni hili: unagawanyika kwa 4 na si kwa 100, au unagawanyika kwa 400. Wengi wanaandika "kwa 4 na si kwa 100 na kwa 400", sentensi ambayo haina mwaka hata mmoja wa kuitimiza, kwa sababu kila kinachogawanyika kwa 400 kinagawanyika kwa 100 pia.

Akikosea mara ya kwanza usishtuke. Mwambie tu: "Jaribu 2000." Kisha mtazame. Akiupitisha mwaka huo ndani ya sentensi yake neno kwa neno, akaona ulipokwama, akatengeneza, mpeleke. Akianza kubadilisha maneno ovyo huku akikutazama usoni kama utaitikia, bado ana kazi ya miezi kadhaa kabla.

Na commerciale si mzigo kama mjomba anavyofikiri. Kwenye kitabu cha hesabu za biashara, jumla ya debit na jumla ya credit lazima ziwe sawa baada ya kila andiko. Zikitofautiana, kijana anajua kosa liko kwenye andiko la mwisho, harudi mwanzo wa mwezi. Mwandishi wa programu anaishi na kitu hichohicho: sentensi moja ambayo lazima ibaki kweli kila hatua. Tutaiona tena kwenye barua ya Kamalondo hapo chini.

Kabla masomo hayajafunguliwa apitie, kwa mpangilio huu: mantiki na seti, kugawanya na baki, pamoja na kuandika namba kwa msingi wa 2, vipeo na logarithimu, milinganyo ya pamoja na matrisi za 2 kwa 2. Saa moja kwa siku, kwa mkono. Zile kanuni ndefu za trigonometria anaweza kuziacha zingoje, hatazihitaji mapema.

Chenji ya 600 inayokataa

*Nimemwandikia dada yangu programu ndogo ya duka, inaonyesha noti za kumrudishia mteja. Noti za 50 na 100 nimezitoa, maana dukani hazionekani. Chenji ya 700 inatoka vizuri, ya 1,200 pia, ya 2,500 pia. Ya 600 programu inasema haiwezekani. Dada yangu anatoa 200 tatu bila hata kufikiri. Kosa liko wapi?*
Kijana wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, karibu na soko

Ndugu, hapa tutakaa kidogo, maana swali lako ni tamu.

Programu yako inafanya hivi: inachukua noti kubwa kabisa inayoingia kwenye deni, inapunguza, inarudia. Njia hiyo inaitwa ya mlafi. Kwa noti zote za franka ya Congo, kuanzia 50, 100, 200, 500, 1,000 hadi 20,000, mlafi hakosei: anatoa jibu, na linakuwa na noti chache kuliko jibu lolote lingine. Umeiandika vizuri. Kilichoivunja ni kuondoa 100. Sasa 500 haigawanyiki kwa 200, na hakuna noti ndogo ya kuziba pengo. Kwa 600 mlafi ananyakua 500, anabaki na deni la 100, hana pa kwenda, na hajui kurudi nyuma.

Chukua mikia yote kumi ya mamia uipitishe kwa mkono. Deni linaloishia na 000, 200, 400, 500, 700 au 900 linapita. Linaloishia na 100, 300, 600 au 800 linakwama. Yaani nne kati ya kumi, na majaribio yako matatu yote yameangukia upande mzuri. Ndiyo maana kujaribu namba zinazokujia kichwani hakutoshi. Jaribu kila aina mara moja.

Swali la pili: ni deni gani kweli haliwezekani, hata kwa dada yako? Ni mawili tu, 100 na 300. Angalia: 400 ni 200 mbili, na 500 ni noti yenyewe. Ukiongeza 200, 200 juu ya 400 unapata 600, 800, 1,000 na kuendelea. Juu ya 500 unapata 700, 900, 1,100 na kuendelea. Mamia yote kuanzia 400 yamekwisha kupatikana. Huo ni uthibitisho mzima, na unakupa amri ya programu: neno "haiwezekani" litokee kwa 100, kwa 300, na kwa deni lisilo la mamia kamili. Likitokea pengine popote, kosa ni lako.

Dawa fupi inatoka kwenye shufwa na witiri. Hesabu deni kwa mamia. 200 ni mamia 2, 1,000 ni mamia 10, zote shufwa. Ni 500 peke yake iliyo witiri. Basi mamia ya deni yakiwa witiri, lazima itoke 500. Yakiwa shufwa, 500 haihitajiki, maana mbili za 500 zinabadilishwa na 1,000 moja. Kwa hiyo: mamia yakiwa witiri, toa 500 moja kwanza (kama deni ni dogo kuliko 500, haiwezekani), kisha mwachie mlafi 1,000 na 200 pamoja na noti kubwa. Deni la 1,300: 500, halafu 200 nne. Deni la 600: 200 tatu, kama dada.

Dawa ndefu inafaa siku noti zitakapobadilika tena, na ndiyo watakayokufundisha chuoni. Unajenga jedwali kutoka chini. Kwa kila deni, tazama nyuma hatua ya 200, ya 500 na ya 1,000, chukua idadi ndogo kabisa ya noti uliyokuta huko, ongeza 1. Inatoka hivi: 200 noti 1, 400 noti 2, 500 noti 1, 600 noti 3, 700 noti 2, 800 noti 4, 900 noti 3, 1,000 noti 1, 1,100 noti 4, 1,200 noti 2. Kwa 1,300: nyuma 200 kuna 1,100 yenye 4, nyuma 500 kuna 800 yenye 4, nyuma 1,000 kuna 300, isiyowezekana. Ndogo ni 4, ongeza 1, noti 5.

Kosa la kawaida kwenye jedwali hili ni kulijaza sifuri mwanzoni. Sifuri inafaa chumba kimoja tu, cha deni la 0. Vyumba vingine vyote vianze na alama ya "haiwezekani" au na namba kubwa mno. Ukiacha sifuri kwenye 300, programu itakwambia 1,300 inalipwa kwa noti moja, na mteja atapoteza 300 bila kelele. Pia andika pembeni ya kila chumba ulitokea noti gani, la sivyo utajua idadi lakini hutajua noti zenyewe. Na kumbuka jedwali linaamini sanduku la pesa halikauki. Zikibaki 200 mbili tu, 600 haiwezekani tena, na hapo jedwali linatakiwa lihesabu pia noti zilizobaki. Usilianze kabla la kwanza halijasimama.

Senti kumi mara kumi

*Najumlisha 0.1 mara kumi ndani ya mzunguko (sehemu ya programu inayojirudia), mashine inatoa 0.9999999999999999. Nikiuliza kama jumla ni sawa na 1, inasema hapana. Mashine imeharibika?*
Mwanafunzi, Kampemba

Mashine ni nzima. Inaandika namba kwa msingi wa 2, na huko moja ya kumi haina mwisho: 0.000110011001100 na kuendelea, kama vile kwetu moja ya tatu ilivyo 0.333 na kuendelea. Kumi ni 2 mara 5, na 5 haimo ndani ya 2. Mashine inakadiria kwa tarakimu 53 zenye maana, na makosa madogo ya kukadiria yanakurudia kwenye jumla. Nusu, robo na moja ya nane zinaandikika kamili, jaribu 0.25 mara nne, utapata 1 safi.

Kwa pesa, usiweke desimali kabisa. Dola 12.50 iweke kama senti 1,250, namba nzima, na ugawanye kwa 100 wakati wa kuionyesha kwenye kioo tu. Ukibadilisha kuwa franka, tuseme kwa 2,800, zidisha kwanza, gawanya mwisho: 1,250 mara 2,800 gawa kwa 100 ni 35,000. Ukigawanya mapema, baki zinadondoka njiani. Kama si pesa, ni vipimo vya kilo au mita, usiulize "ni sawa?", uliza "tofauti ni chini ya 0.000001?"

Ila namba nzima nazo zina dari. Kwenye lugha zinazotumia biti 32 (tarakimu 32 za 0 na 1), kubwa kabisa ni 2,147,483,647. Ukihifadhi franka kwa santimu, dari hiyo ni franka milioni 21 na kitu. Kwa 2,800 hazifiki dola 7,700, na muuza unga wa jumla anazipita. Tumia biti 64. Roketi ya Ariane 5 iliyopotea tarehe 4 Juni 1996 iliangushwa na jambo la ukoo huu: namba ilisukumwa kwenye chumba cha biti 16, kisichopokea zaidi ya 32,767, na safari haikufika dakika moja.

Wanafunzi 52, kompyuta moja

*Nafundisha darasa la 52. Tuna kompyuta moja, na umeme siku nyingine unakuja, nyingine hauji. Programu ya masomo inataka algoridhimu. Nifanye nini?*
Mwalimu, Ruashi

Mwalimu, somo la algoridhimu linaweza kwenda wiki nzima bila umeme, mradi kila kipindi kiwe na kutabiri kabla ya kufanya. Tunakupa mazoezi mawili yaliyokamilika.

La kwanza ni kutafuta jina. Andika majina 52 ya darasa lako ubaoni kwa mpangilio wa alfabeti, yenye namba. Wasimamishe watatu: Kushoto anashika 1, Kulia anashika 52, Katikati anajumlisha na kugawa kwa 2, akitupa nusu: 26. Darasa limechagua jina kwa siri. Katikati anauliza: ni hili, liko kabla, au liko baada? Likiwa baada, Kushoto anahamia 27. Likiwa kabla, Kulia anahamia 25. Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi aandike anafikiri maswali yatakuwa mangapi. Wengi wataandika 20 au 26. Hayatazidi 6, kwa sababu yanayobaki ni 52, halafu 26 kwa wingi, 13, 6, 3, 1. Waulize sasa: je, majina milioni moja? Wakipata 20 kwa kukunja milioni nusu kwa nusu, wameshaielewa logarithimu kabla hujaitaja.

Halafu uharibu kwa makusudi. Mwambie Kushoto ahamie kwenye namba ya Katikati yenyewe, siyo inayofuata. Mchezo utaenda vizuri mpaka wabaki na 51 na 52, na jina likiwa la 52. Katikati anapata 51, anaambiwa "baada", Kushoto anahamia 51, aliko tayari. Katikati anapata 51 tena. Waache warudie mara nne au tano mpaka darasa licheke, kisha uliza kwa nini. Programu isiyokwisha wameiona ikiwa na miguu miwili. Kosa la pili la kuonyesha ni la kimya zaidi: weka Mwamba mbele ya Mutombo kwenye orodha, uone jinsi utafutaji unavyoweza kudai jina halimo huku wote wanalisoma ubaoni.

Zoezi la pili liko mchangani. Wachokwe, ambao wako Angola, Zambia na huku kwetu kusini, wana michoro inayoitwa sona: nukta zilizopangwa, na mstari unaozizunguka bila kuinua kidole. Mtaalamu wa hesabu wa Msumbiji, Paulus Gerdes, aliichunguza kwa miaka mingi, na ndani yake mna algoridhimu ya kale kabisa ya shuleni.

Chukua karatasi ya miraba. Chora mstatili wa upana 8 na kimo 6. Tia nukta ndani, ya kwanza ikiwa mraba mmoja kutoka kushoto na mmoja kutoka chini, na nyingine kila baada ya miraba miwili. Utapata nukta 4 kwa mstari, mistari 3. Weka kalamu kwenye ukuta wa chini, chini kabisa ya nukta ya kwanza, na uende mshazari. Ukigonga ukuta, geuka kama mpira unavyodunda. Usiinue kalamu mpaka urudi ulipoanzia. Kwa 4 kwa 3, mstari mmoja unazunguka nukta zote, ukigusa kuta mara 14. Kwa 4 kwa 2, mstari unajifunga mapema na kuacha sehemu tupu. Inabidi uanze wa pili. Kwa 3 kwa 3 inahitajika mitatu. Kwa 6 kwa 4, miwili.

Usiwape kanuni. Wape kila kundi vipimo vitatu, jedwali moja ubaoni, na uwaache waitafute. Idadi ya mistari ni PGCD ya vipimo viwili, yaani namba kubwa kabisa inayovigawanya vyote viwili, ileile waliyoikariri shule ya msingi bila kujua inafaa nini. Wakiigundua, wafundishe kuipata kwa kutoa: 6 na 4, toa, inabaki 2 na 4, toa, 2 na 2, zimelingana, jibu 2. Hiyo ni njia ya Euclid, ina miaka zaidi ya 2,000. Ndipo waandike programu yake, mistari mitano au sita, na ile kompyuta yako moja ipate kazi: watabiri 84 kwa 36 kwenye daftari, wapate 12, kisha mmoja aandike, mashine iseme. Mahali pa kukosea kwenye mchoro ni pawili. Mstari ukipita juu ya nukta, mtu ameanzia kwenye kona au kati ya nukta mbili. Kuta zikiguswa mara chache kuliko hesabu (jumla ya vipimo mara 2, kwa mistari yote pamoja), kuna mstari mmoja haujachorwa, au mtu amegeuka kabla ya kufika ukutani.

Kukariri msimbo

*Nashika programu za darasani kwa kichwa zote. Siku ya mtihani profesa akibadilisha kidogo, naanguka. Nifanyeje?*
Mwanafunzi wa chuo kikuu, anaishi Kamalondo

Acha kushika mistari, shika sentensi. Chukua programu ya kutafuta namba kubwa kwenye orodha. Nyuma ya mzunguko wake kuna sentensi moja: "Baada ya kusoma namba k za kwanza, kisanduku kina kubwa kuliko zote hizo." Mzunguko upo ili sentensi hiyo ibaki kweli k inapoongezeka. Sasa tazama wanaoanza na 0 ndani ya kisanduku. Matokeo ya siku tatu za biashara mbaya yakiwa −300, −120 na −950, programu inajibu 0, siku ambayo haikuwepo. Sentensi ilikuwa ya uongo tangu mwanzo. Anza na namba ya kwanza ya orodha, soma kuanzia ya pili, utapata −120. Na orodha tupu haina kubwa. Hilo lisemwe kabla ya mzunguko.

Kisha ujizoeze kubadilisha alama moja na kutaja, kabla ya kuendesha, ni orodha gani itafichua tofauti. Unatafuta nafasi ya kubwa kwenye 7, 9, 4, 9. Ukibadilisha kisanduku pale tu namba mpya inapozidi, jibu ni nafasi ya 2. Ukibadilisha pale inapozidi au kulingana, jibu ni ya 4. Profesa "akibadilisha kidogo", mara nyingi anabadilisha hapo.

Ishango

*Ni kweli mfupa wa Ishango ndio kompyuta ya kwanza duniani, na ni wa Congo?*
Msomaji wa Kampemba

Wa Congo, ndiyo. Kompyuta, hapana. Ulichimbuliwa Ishango, kwenye Ziwa Edward, mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin, una umri wa miaka kama 20,000, na uko Brussels. Una safu tatu za mikato. Moja ina 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Nyingine 11, 21, 19 na 9, jumla 60 pia. Ya tatu jumla 48. Kwamba 11, 13, 17 na 19 ni namba tasa ni kweli. Kwamba mchongaji alijua ni tasa, wataalamu hawajakubaliana. Mwalimu wa Ruashi anaweza kuutumia: awaulize wanafunzi ni ushahidi gani ungetosha kusema alijua.

Mashine ikiandika yenyewe

*Siku hizi akili bandia inaandika programu nzima kwa dakika. Kwa nini watoto wateseke na hesabu?*
Papa wa wanafunzi wawili, Lubumbashi

Papa, mwambie mmoja wao aiagize programu ya chenji kwa noti za 200, 500 na 1,000, bila kuisaidia. Huenda ikaleta ya mlafi, na isomeke vizuri sana. Kisha aijaribu kwa 600, 800, 1,100, 1,300, halafu 100 na 300, halafu 0, halafu 650. Aandike kwenye karatasi jibu analotegemea kabla ya kubonyeza. 600 ikitoka kwa noti tatu za 200, aendelee na 1,300. Anayeweza kutaja jibu kabla ya mashine ndiye atakayejua imekosea, na hiyo ndiyo kazi ya hesabu.